Funga na laini, siyo simu tu

Simu ikichomolewa dirishani kwenye foleni ya Ubungo, mwizi mjuzi hahangaiki na loki yako. Anachomoa laini, anaitia kwenye kiswaswadu, na meseji zako zinaanza kuingia kwake. Kisha anafungua WhatsApp kwa namba yako kwenye simu nyingine, tarakimu sita za uthibitisho zinamjia yeye, na kuanzia hapo yeye ndiye wewe: “Shangazi, nimekwama, nirushie elfu hamsini.”

Dawa ni PIN ya laini yenyewe. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Usalama, utafute sehemu ya kufunga SIM kadi (kila kampuni ya simu huificha inapojua). PIN ya mwanzo huwa imeandikwa kwenye kile kiplastiki ulichobandulia laini. Usibahatishe. Ukikosea mara tatu inadai PUK, namba ya kuifungulia laini, tarakimu nane. PUK nayo ukiikosea mara kumi, laini imekufa, utaenda kuirudisha kwa NIDA na alama za vidole. Ikishawashwa, ibadili kwa kupiga **04*ya zamani*mpya*mpya#. Wenye laini mbili, kila moja inafungwa peke yake. Kero yake ni kwamba simu ikizimika usiku na kujiwasha, hupatikani hewani mpaka uweke PIN.

WhatsApp nayo weka uthibitishaji wa hatua mbili, na uzuie meseji kusomeka kioo kikiwa kimefungwa, la sivyo tarakimu za uthibitisho zitasomwa bila hata kuchomoa laini.

Halafu ile picha ya NIDA uliyompigia dalali wa chumba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Sasa hesabu ni wangapi mjini hapa ambao PIN yao ya pesa ni mwaka wa kuzaliwa. Ifute picha hiyo, kisha uifute tena kwenye pipa la taka, maana Google Photos huweza kuihifadhi humo hadi siku 60. Na kwenye chati uliyoitumia bado ipo.

Leo hii piga *#06#, uandike IMEI, namba ya utambulisho wa simu yako, kwenye daftari la nyumbani. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote. Ikiibiwa, azima simu ya jirani uifungishe laini kwanza, polisi baadaye.