Vizibo 16 vya drafti na kompyuta ya mtumba

Kaka mmoja aliyenitangulia chuoni aliniambia, "Dogo, bila kompyuta ya milioni tano hiyo kazi ya spini achana nayo." Nikamwamini miezi miwili mizima. Leo naandika nikiwa bado na hasira, maana kazi imeisha na hela sijatoa.

Nasoma fizikia hapa Dodoma, nimepanga chumba Ng'ong'ona. Kompyuta yangu ni ya mtumba, laki nne na kitu hivi, kumbukumbu GB 4, betri ilishakufa. Kazi niliyopewa ni mnyororo wa spini (visumaku vidogo mno vya atomu) uliofungwa kama shanga: kila spini inaelekea juu au chini, na kila moja inapenda kuelekea kama jirani yake. Ukigeuza moja, ule usumbufu hautulii, unasafiri mnyororoni kama wimbi. Huo ndio magnoni. Ukigeuza mbili je? Kila moja itashika njia yake, au zitashikana zitembee kama mtu na mkewe? Mwanafizikia Hans Bethe alilijibu swali hili kwa kalamu na karatasi mwaka 1931. Mimi nilitakiwa nilione jibu lake kwenye kompyuta tu, basi.

Nikaingia kwa pupa. Spini 16, kila moja ina hali mbili, jumla hali 65,536. Matriksi yake, yaani jedwali la namba lenye mstari na safu kwa kila hali, inataka GB 34 hivi. Kompyuta ikagoma palepale, na haikukosea. Nikashuka hadi spini 14, ambazo ni GB 2 na ushee, nikajisemea hii inaingia. Kumbe kuihifadhi matriksi ni jambo moja, na kuichambua utoe nishati zake ni jingine linalotaka nafasi yake. Saa tatu usiku nikabonyeza, nikaielekezea feni, nikalala. Saa nane nikaamshwa na ukimya. Feni imesimama, umeme hakuna, na habari za betri nimeshawapa. Usiku uliofuata umeme haukukatika, ila asubuhi nilikuta kishale kimeganda katikati ya skrini na vumbi limetanda juu yake kana kwamba limelipa kodi.

Jumamosi nikaenda kijiweni kupoza kichwa. Wazee pale wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, huyu kalaza vyake mgongo juu, yule tumbo juu. Walipopumzika kunywa kahawa nikavuta vizibo 16, nikavipanga duara: 14 mgongo juu, viwili tumbo juu, mbalimbali.

"Mjukuu wangu, drafti ya wapi hiyo?"

Nikamweleza mzee kwamba kila mahali mgongo unapopakana na tumbo pana ugomvi, na kila ugomvi una gharama yake. Akahesabu kwa kidole: minne. Halafu, bila kuulizwa, akakisogeza kizibo kimoja hadi kikagusana na mwenzake. "Sasa miwili. Hawa wakae pamoja tu."

Nilikaa kimya kidogo. Kila ugomvi ni nusu ya J, yaani ile nguvu ya ujirani. Wakitengana ni 2J, wakigusana ni J. Na nilipokuwa navihamisha nikaona jambo la pili, lililonitia aibu zaidi: vizibo hubadilishana nafasi na jirani, lakini vya tumbo havizidi viwili wala havipungui. Sasa nabeba hali 65,536 za nini? Kuweka viwili kwenye nafasi 16 kuna namna 120 tu. Matriksi ya 120 kwa 120! Hata simu ingeiweza.

Usiku ule programu ilimaliza kabla sijavuta kiti vizuri. Nikamtumia msimamizi ujumbe kwa mbwembwe: magnoni hazishikani, zinasukumana, Bethe aangaliwe upya. Naam, niliandika hivyo. Nilikuwa nimekosea alama ya J, kwa hiyo picha yote ilisimama kichwa chini na nishati ya wale wawili waliogusana ikatokea juu ya za wengine. Ningeanza na kizibo kimoja ningegundua mapema, maana nishati yake inajulikana: J mara (1 kutoa kosaini ya k), k ikiwa ni mwendo wa wimbi lake. Anzeni na kimoja, jamani. Msimamizi alijibu kwa neno moja, "Alama?"

Nikarekebisha. Mwendo wa jumla, yaani k za wote wawili zikijumlishwa, ukiwa pai, nishati ziko nane: saba zimejipanga kwenye 2J, moja peke yake kwenye J. Ni J kamili, bila desimali za kubahatisha, kwa sababu hapo hatua ya wa mbele na hatua ya wa nyuma zinafutana, na waliogusana hawana pa kwenda. Mwendo ukipungua wanalegea, wanaachiana nafasi mbili, tatu, ila kwenye mnyororo mrefu usio na mwisho bado nishati yao iko chini ya ile ya walioachana. Mwaka 2013 watafiti nchini Ujerumani waliwaona wawili kama hao wakitembea pamoja kwenye mstari wa atomu za rubidi, atomu kwa atomu.

Vizibo nilirudisha 15. Kimoja kiko mezani kwangu, na mzee anakidai kila nikipita.