Aliyenipatia Kazi Ni Mkaguzi Aliyewahi Kunitoa Jasho

Nilipokabidhiwa barua ya kupunguzwa kazi nilikuwa na umri wa miaka 46, na kwa miaka 13 nilikuwa msimamizi wa ghala na ugavi katika kampuni ile ile. Kampuni iliuzwa, mnunuzi alikuwa na maghala yake na wasimamizi wake, na hivyo sisi watu kumi na mmoja wa kitengo kile tukageuka kuwa bidhaa ya ziada, jambo ambalo mimi, niliyetumia maisha yangu yote ya kazi kupambana na bidhaa za ziada, nililielewa upesi kuliko nilivyopenda. Mambo ya malipo ya mwisho, likizo ambayo sikuitumia na barua ya utumishi niliyamaliza kwa siku mbili, na sioni haja ya kuyaeleza hapa.

Ninachotaka kueleza ni jinsi nilivyopoteza miezi minne kwa kufuata ushauri wa watu wanaonipenda. Shemeji yangu aliniambia kwamba kutafuta kazi ni sawa na kuvua samaki, ukitupa wavu mara mia moja, mara moja utanasa. Rafiki yangu wa tangu shuleni alinionya nisithubutu kumwambia mtu kwamba sina kazi, bali nijitambulishe kama mshauri wa kujitegemea, kwa kuwa mwajiri hapendi kuokota kilichotupwa na mwenzake. Nilitii ushauri wote kwa pamoja, bila kuona kwamba mmoja ulinitaka nipige kelele na mwingine ulinitaka ninyamaze. Nilituma maombi zaidi ya 140 kupitia tovuti za ajira, na wakati huo huo kila aliyenisalimu nilimwambia kwamba shughuli zangu za ushauri zinakwenda vizuri sana. Maombi hayo yaliniletea majibu tisa, ambayo saba yalikuwa ya kunitakia heri.

Sehemu ya aibu hiyo ilitokana na wasifu wangu, na hapo lawama ni zangu. Nilimlipa mtaalamu mmoja wa kuandika wasifu kiasi ambacho, nikikikumbuka, kilikuwa kama robo ya mshahara wangu wa mwezi, akanitengenezea kurasa mbili za kupendeza zenye safu mbili, picha yangu nikitabasamu, na vijimstari vya rangi vinavyoonyesha kwamba ninajua kompyuta kwa asilimia 80, ingawa mpaka leo sijui asilimia hiyo ilipimwaje. Kwa kuwa nimezoea kuhesabu mzigo mwenyewe hata kama karatasi inasema umetimia, siku moja nilinakili maandishi yote ya wasifu ule na kuyabandika kwenye faili tupu lisilo na mapambo yoyote. Kilichotoka kilinifanya nicheke peke yangu. Safu mbili zilikuwa zimeingiliana, na ilionekana kwamba nimeongoza watu 24 katika kuogelea na kusoma magazeti, na kwamba mwajiri wangu tangu mwaka 2009 alikuwa ni leseni ya udereva. Kampuni nyingi kubwa hupokea maombi kwa programu zinazosoma wasifu na kuupanga kabla binadamu hajauona, na programu hizo huweza kuchanganyikiwa na safu, majedwali na picha. Siku hiyo hiyo nilirudi kwenye ukurasa wa kawaida wenye safu moja, vichwa vya habari vinavyoeleweka, na maneno yale yale yaliyotumiwa na tangazo la kazi pale yalipokuwa ya kweli kwangu. Kila mtu ninayekutana naye humwambia afanye jaribio hilo la kunakili na kubandika, kwa sababu halimgharimu kitu.

Hata hivyo, wasifu mzuri haukunipa kazi, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ndugu zangu bado hulisimulia kwenye mikusanyiko.

Katika mwezi wa nne wa kutafuta kazi niliamua kuachana na unafiki wa ushauri wa kujitegemea na kuwaeleza watu ukweli. Uamuzi ulikuwa sahihi, ila utekelezaji ulikuwa wa kipumbavu. Niliandika barua pepe moja ndefu yenye aya sita, iliyoanza kwa historia ya taaluma yangu na kuishia kwa ombi la “nafasi yoyote ile itakayopatikana”, kisha nikakusanya anwani zote zilizokuwa kwenye kompyuta yangu, ambazo zilikuwa 212, na kuzibandika kwa mpigo kwenye sehemu ya wapokeaji, mahali ambapo kila mmoja angeziona zote, badala ya ile sehemu inayozificha. Nikabonyeza kitufe saa tatu usiku na kwenda kulala nikiwa na amani ya mtu aliyetua mzigo. Asubuhi nilikuta kwamba mpokeaji wa kwanza kujibu, mtu niliyewahi kununua kwake mashine ya kufunga katoni, alikuwa amewajibu wote akiomba aondolewe kwenye orodha hiyo. Wa pili aliwajibu wote akimtaka wa kwanza aache kuwajibu wote. Wa tatu alitumia fursa hiyo kutangaza matairi. Kufikia saa nne asubuhi wageni hao walikuwa wakizozana chini ya kichwa cha habari kilichobeba jina langu kamili, na miongoni mwao alikuwemo mkurugenzi aliyetia saini barua yangu ya kupunguzwa, ambaye aliandika mstari mmoja tu wa kunitakia mafanikio. Sikufungua kompyuta kwa siku tatu.

Aliyenifungua macho ni binti yangu anayesoma sosholojia chuo kikuu, ambaye baada ya kucheka hadi machozi aliniuliza swali lililoniudhi: kati ya watu 212, ni wangapi waliwahi kuniona nikifanya kazi? Kisha akanieleza kuhusu mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter, ambaye mwaka 1973 alichapisha makala juu ya nguvu ya uhusiano ulio hafifu. Granovetter aliwauliza watu waliopata kazi kwa kupitia mtu wanayemfahamu ni mara ngapi walikuwa wakionana na mtu huyo, na akakuta kwamba takriban asilimia 17 tu walikuwa wakionana naye mara kwa mara, asilimia 56 walionana naye mara chache, na asilimia 28 walikuwa hawaonani naye ila kwa nadra. Maelezo yake ni rahisi: rafiki wa karibu anazunguka pale pale unapozunguka wewe, kwa hiyo habari alizonazo tayari unazo, ilhali mtu unayemfahamu kwa mbali anakaa kwenye duara jingine na anasikia usiyoyasikia. Binti yangu aliongeza kwamba mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia taarifa za watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kuunganisha watu kikazi, na matokeo yake yakaonyesha kwamba wanaosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya ni wale wa kufahamiana kwa wastani hivi, si wa karibu kabisa wala si wageni kabisa. Nilimsikiliza kama mzazi anayelipa ada, lakini moyoni nilikuwa tayari nimeanza kuhesabu.

Nilichukua daftari la kawaida, na badala ya kuandika majina ya marafiki, nilijiuliza ni nani aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza yangu. Yakatoka majina ambayo nisingeyafikiria kamwe: wasambazaji niliobishana nao kuhusu tarehe za kupokea mzigo, meneja wa kampuni ya usafirishaji, fundi aliyetuwekea programu ya kutunza leja, vijana wawili niliowafundisha kazi ambao sasa walikuwa mabosi kwingine, na wakaguzi wa hesabu waliokuwa wakija kila mwisho wa mwaka. Yalikuwa majina 38 kwa jumla. Wengi nilikuwa sijazungumza nao kwa zaidi ya miaka mitatu, na niliogopa kwamba kuwatafuta baada ya kimya kirefu kungeonekana kama kukumbukana wakati wa shida. Kwa kweli ni kukumbukana wakati wa shida, na dawa yake niliyoigundua ni kulisema wazi katika sentensi ya kwanza.

Ujumbe wenyewe ulikuwa na mistari mitano, na kila mmoja niliuandika upya kwa mkono wangu. Nilianza kwa kukumbushia tukio moja mahususi tulilolipitia pamoja, nikasema kwamba kitengo chetu kimefungwa kampuni ilipouzwa, kisha nikaomba dakika 20 za kuulizia jambo moja ambalo yeye analijua kuliko mimi. Sikuomba kazi. Ukimwomba mtu kazi ambayo hana, unamlazimisha akukatalie, na mtu akishakukatalia huanza kukukwepa ili asione haya, lakini ukimwomba maoni kuhusu jambo lililo katika fani yake, ni nadra akakosa la kusema. Tukifika mwisho wa mazungumzo nilikuwa nikimuuliza ni nani mwingine anayedhani ningefaidika kuzungumza naye, na kama ataniruhusu nimtaje. Kibali hicho cha kutaja jina kina thamani kuliko kurasa zote mbili za rangi nilizolipia. Kila mazungumzo niliyaandika katika daftari: tarehe, alichoniambia, nilichoahidi kumpelekea, na siku ya kumrudia. Niliahidi vitu vidogo ninavyoviweza, kwa mfano jedwali langu la kukokotoa kiwango cha chini cha akiba ya ghalani, na nilivituma kabla ya siku kuisha. Sentensi ya kueleza kwa nini sina kazi niliifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka ikaacha kutetemeka, kwa sababu mwanzoni nilikuwa nikiifuatisha na maelezo ya dakika kumi ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kati ya 38, waliojibu walikuwa 27. Wacha nikiri kwamba marafiki wa karibu hawakuwa na hiana, ila huruma yao ilikuwa nzito kuliko msaada wao. Walinipa pole, wakanitajia matangazo niliyokwisha kuyaona, na mmoja alitaka tufungue biashara ambayo hata yeye hakuweza kuieleza.

Jina la 31 katika daftari lilikuwa la mkaguzi mmoja mwanamke, ambaye miaka sita kabla alikaa ghalani kwangu kwa wiki tatu nzima akihesabu kila rafu na kulinganisha na leja. Mama huyo hakuwa na mzaha. Siku ya pili nilimpelekea mwenyewe karatasi inayoonyesha kwamba katoni sita za vipuri zimepungua na kwamba sijui zilikokwenda, na hakunishukuru, bali aliniuliza maswali kwa saa mbili hadi shati likanilowa. Katika ripoti yake aliandika upungufu ule kwa maneno makavu, nami nikapewa onyo. Nilisita kwa siku nne kabla ya kumwandikia, na nilipoandika nilianza na katoni hizo hizo.

Alinipigia simu siku ile ile. Alikuwa ameacha ukaguzi na kuwa mkuu wa fedha katika kampuni ya usambazaji, na aliniambia bila kuzunguka kwamba katika maghala yote aliyowahi kukagua, mimi ndiye msimamizi wa pekee aliyemkumbuka kwa kuleta upungufu mezani kabla haujagunduliwa. Kampuni yake haikuwa na nafasi, lakini mmoja wa wateja wao alikuwa amemlalamikia juma lile kuhusu hesabu za ghala zisizokaa sawa, na nafasi ilikuwa bado haijatangazwa. Akanitaja. Usaili ulikuwa mara mbili, na kuhusu umri wangu waliuliza kwa njia ya mzunguko, kama nina nguvu za kutosha, nikawajibu kwamba ghala lililopangwa vizuri halihitaji mtu wa kukimbia. Mshahara wa kuanzia ulikuwa chini kidogo ya ule wa zamani, nami niliomba upitiwe upya baada ya miezi sita, na ombi hilo liliingizwa katika mkataba kwa maandishi.

Kabla ya kuanza kazi niliwaandikia wote 27 kuwajulisha matokeo, mmoja mmoja, nikimtajia kila mtu neno lake lililonisaidia, na kwa mshangao wangu wawili kati ya wale 11 waliokuwa kimya nao walisikia habari na kunipongeza. Mkaguzi yule alijibu kwa mstari mmoja, akitaka kujua kama zile katoni sita ziliwahi kupatikana. Hazijapatikana.