Wimbo wa Wawili Kwenye Chumba cha Zamu

Kila Novemba simu yangu huniletea Dmitri Hvorostovsky, mwimbaji wa opera wa Urusi. Alifariki London tarehe 22 Novemba 2017, akiwa na miaka 55, na wapenzi wake humrudisha siku hizo kwa video za zamani. Juzi nilikuwa napiga pasi sare za shule, simu iko juu ya friji inaimba, binti yangu akaja mlangoni na daftari lake la hesabu.

"Mama, hao wanaume wanagombana au wanapatana?"

Alikuwa ameukuta wimbo katikati, pale panapowaka moto. Nikamwambia asubiri, watapatana. Wakapatana. Akarudi kwenye hesabu zake, mimi nikabaki na pasi mkononi, mawazo yameshafika Moscow.

Ilikuwa video ya tamasha la Moscow la mwaka 2008, Hvorostovsky na mwimbaji mwenzake wa opera, Jonas Kaufmann. Hakuna mavazi ya maigizo wala mandhari ya kuchora: wanaume wawili, okestra nyuma yao, na aria, yaani nyimbo za mtu mmoja, na nyimbo za wawili walizozichomoa kwenye opera mbalimbali. Mara ya kwanza niliiona nilipokuwa nasoma Urusi, kwa babushka wa zamu, yaani bibi aliyelinda mlango, kile chumba chake kidogo karibu na mlango mkuu wa hosteli yetu, chenye televisheni, deki na hita ya umeme ambayo kila mtu alikuwa akitafuta kisingizio cha kuisogelea.

Babushka huyo ndiye aliyekuwa haturuhusu kutoka bila kofia. Mwenzangu wa chumba alikuwa binti wa Jinja, Uganda. Majira yale ya baridi tulikuwa tumenuniana. Nilikuwa nimegundua kwamba amejaza fomu za kuhamia chuo cha Volgograd, na muda wote huo hakunitamkia neno, ilhali tulishaapizana kwamba tumeanza pamoja na tutamaliza pamoja. Tulikuwa tunasalimiana kwa sababu chumba ni kimoja, basi. Usiku huo tulishuka jikoni kuchemsha maji kwa kuwa birika lilikuwa moja, na wakati wa kurudi babushka akatuona kupitia dirisha lake.

"Kaeni," alituamrisha.

Tukakaa kwenye benchi, birika tukaliweka katikati yetu.

Kabla ya kubonyeza kitu chochote babushka alifungua pochi yake, akatoa noti ya rubli 10, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja. Tulikuwa tunazitumia noti zile kila siku na sikuwahi kuitazama hata moja. Akatuonyesha daraja kwa ukucha wake: Krasnoyarsk, Siberia, kwao. Akaigeuza: bwawa la umeme la mto Yenisei. Kwa sababu ya bwawa hilo, alisema, mto haugandi pale mjini hata baridi ikifika 30 chini ya sifuri, unatoa mvuke tu asubuhi, watu wanavuka daraja bila kuona maji. Kisha akamwonyesha Hvorostovsky kwenye kioo, amesimama na nywele zake nyeupe pe ingawa alikuwa hajafika miaka 50, akagonga ile noti kwa kidole. Alitaka tuelewe kwamba mtu huyu na daraja hili ni wa mahali pamoja. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa kuimba na kupiga piano, mama yake daktari wa wanawake. Mwaka 1989 alikwenda Cardiff kwenye mashindano ya waimbaji wa dunia akashinda, na mji mzima ukashinda naye. Babushka alivyosimulia ungedhani alimfungia mzigo wa safari yeye mwenyewe.

Sikuwa nimewahi kusikiliza opera hata siku moja. Mimi nimekulia Tanga, kwenye taarabu za harusini, ambako sauti inasifiwa ikipaa juu ya kanuni na fidla mpaka mama mmoja anyanyuke na noti yake kwenda kutunza. Kwa hiyo nilipoona wanaume wawili wenye sauti nzito namna ile wamesimama bega kwa bega, nilingoja kuona nani atamfunika mwenzake.

Filimbi ikaanza na kinubi chini yake, polepole. Kaufmann ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini kabisa, kama anajisimulia mwenyewe: ndani ya hekalu, kati ya maua na dhahabu, mwanamke anatokeza. Hvorostovsky akampokea kwa maneno yale yale, sauti moja chini, kama mtu anayesema na mimi nilikuwepo. Wakaachiana hivyo, mmoja anasimulia, mwingine anathibitisha. Halafu wakaingia pamoja, tenori juu na baritoni chini yake, muziki umejaa, na nilichokuwa nakingoja hakikutokea. Kila mmoja alikuwa na nguvu za kuujaza ukumbi peke yake, lakini walikuwa wanasikilizana. Nilimwona Hvorostovsky akiipunguza sauti ili ya mwenzake ipite, kisha ile ya mwenzake ikashuka kumngoja. Mkono wa babushka ulikuwa umenyanyuka kutoka mezani. Hvorostovsky alisifika kwa pumzi; sentensi ya muziki ambayo wengine wangeikata mara mbili yeye aliivuta moja kwa moja mpaka mwisho. Mkono wa babushka ulibaki hewani muda wote huo, vidole vimetawanyika, na yeye mwenyewe hapumui. Hvorostovsky alipovuta pumzi, mkono ukashuka. Akarudia hivyo kila sentensi. Sikumbuki kama nilitazama kioo zaidi au nilitazama mkono ule.

Mwenzangu wa Jinja alikuwa ameegemea mbele, viwiko juu ya magoti. Naye hakusema kitu.

Hadithi yenyewe nilikuja kuisoma baadaye, nikaona nilikuwa nimekosa mengi. Wimbo ule unatoka kwenye opera *Les pêcheurs de perles*; mtunzi wake, Bizet, aliitunga akiwa na miaka 24, ikaonyeshwa Paris mwaka 1863, na mambo yanatokea Ceylon (Sri Lanka ya leo), kati ya wazamiaji wa lulu. Zurga na Nadir ni marafiki waliompenda mwanamke mmoja, Leïla, siku moja waliyomwona hekaluni. Wimbo ni wa kukumbuka siku hiyo. Katikati wivu unawapanda, mkono mmoja unausukuma mwingine, na hapo ndipo binti yangu alipowakuta juzi. Halafu wanaapa kubaki marafiki hadi kufa. Kiapo kinapendeza sana, na ndicho kinachowaliza watu kumbini. Ila baada ya muda si mrefu Nadir anabaki peke yake jukwaani na kukiri kwamba alimdanganya Zurga: alishakiuka ahadi zamani, alimfuata yule mwanamke kisirisiri. Maana yake, alipokuwa anaapa kwa sauti ile tamu, jambo lilikuwa tayari moyoni.

Katika tamasha hilo hilo waliimba pia kiapo kingine, cha Carlo na Rodrigo kutoka opera ya Verdi, *Don Carlo*. Pale Rodrigo anatimiza. Anapigwa risasi gerezani kwa ajili ya rafiki yake. Muziki wa kiapo kile unakwenda kwa mwendo wa askari, mkakamavu, na mimi kila nikiusikia nauheshimu. Lakini ninaorudia ni ule wa Nadir. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini kiapo cha uongo kipewe wimbo mzuri kuliko cha kweli. Labda Bizet aliona kwamba Nadir naye alimpenda Zurga kwelikweli wakati ule ule anaomficha. Sina uhakika. Kuna siku naliamini hilo na kuna siku naona natafuta la kumtetea mtu.

Mwenzangu alihamia Volgograd. Babushka alistaafu kabla sijamaliza, akarudi kwao. Juni 2017 Hvorostovsky, akiwa mgonjwa wa uvimbe kwenye ubongo, alikwenda kuimba Krasnoyarsk akiwa na mkono mmoja umefungwa baada ya kuanguka, na nilipoona picha zile nilimtafuta babushka kwa macho kati ya watu waliosimama kupiga makofi. Ukumbi mkubwa, sura ndogondogo. Sikumwona.

Baada ya swali la binti yangu nilimtumia mwenzangu ile video. Yuko Kampala siku hizi, tunasalimiana sikukuu, zake na zangu. Nikamwandikia: unakumbuka usiku ule tulivyokuwa tumenuniana mpaka babushka akatukalisha benchi moja? Alinijibu kwa ujumbe wa sauti.

"Dada, usiku ule ulikuwa hujajua kitu. Fomu zilikuwa kwenye begi langu, na begi nilikuwa nimelipakata pale pale. Wewe uligundua theluji ilipoanza kuyeyuka. Mimi ndiye niliyekuwa nashindwa kukutazama."

Nimemwambia hapana. Naukumbuka ule ukimya na naikumbuka nafasi iliyokuwa kati yetu. Nikamuuliza, kama tulikuwa tunapatana, birika lilifanya nini katikati? Akasema birika lilikuwa la moto, tungeliweka wapi kwingine? Tulibishana karibu saa nzima na hakuna aliyekubali. Kwa nini hakuniambia usiku ule, fomu ziko mapajani mwake, hilo sikumuuliza.