Kiroba cha saruji kilichojaa mikataba

Mimi ni mkadiriaji majenzi, mtu wa kupima kazi za ujenzi na kukadiria gharama zake. Nilipoacha ajira na kurudi nyumbani Njombe, wateja wangu wa kwanza walikuwa makandarasi wadogo wa daraja la saba na la sita, yale ya chini kabisa, wanaochimba mitaro na kuweka makalavati kwenye barabara za vijijini. Kazi wanaijua. Nimepita kwenye barabara zao masika, malori ya viazi yakipanda mlima bila kusukumwa. Lakini kazi ikikua kidogo tu, inachukuliwa na kampuni ya mbali, kisha wenyeji hao hao wanaitwa kuifanya chini ya mkandarasi mwingine kwa bei ya kutupwa. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Mzee mmoja niliyesoma na mwanawe alinijia akiwa amekosa zabuni kwa mara ya tatu. "Mwanangu, wanasema sina uzoefu. Miaka yote hii nimefanya nini?" Nikamwomba aniletee karatasi zake zote. Kesho yake alikuja na kiroba cha saruji.

Nilikimwaga mezani: risiti za nondo, stakabadhi za dizeli, barua zilizoliwa na mende, picha za harusi ya binti yake. Mkataba wa makalavati matatu wa mwaka 2014 ulikuwa umekunjwa mara nne, una vumbi la saruji kwenye mikunjo, na ukurasa wa saini haupo. Tulihesabu kazi kumi na moja alizomaliza na kukabidhi. Zenye mkataba, hati ya mwisho ya malipo na hati ya kukamilika kwa kazi, vyote kwa pamoja, zilikuwa tatu tu. Kwa kamati ya tathmini, nane zilizobaki hazikuwahi kufanyika.

Tukaanza kuzifuata. Kabla ya mwaka 2017 barabara za wilaya zilikuwa chini ya halmashauri. Ilipoanzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zikahamia huko, na mafaili mengine hayakuhama. Kwa hiyo kazi moja ilitupeleka ofisi mbili, na wahandisi waliosimamia walikuwa wameshahamishiwa mikoa mingine. Sehemu moja tulikwenda mara nne na kuondoka mikono mitupu. Sehemu nyingine mhandisi kijana alifungua faili, akakuta karatasi za vipimo zenye saini ya mzee, akatuandikia barua siku ile ile. Mzee aliishika kwa mikono miwili. Tulirudi na kazi tano. Tatu zilipotea kabisa, na sioni namna ya kuzirudisha.

Mauzo ya mwaka ndiyo yaliyotutesa kuliko yote. Zabuni kubwa hutaka hesabu zilizokaguliwa, na zionyeshe wastani wa mauzo unaolingana na kazi unayoomba. Hesabu za mzee zilionyesha kampuni ndogo kama duka la mtaani. Baadhi ya malipo yalipitia akaunti yake binafsi, mengine mhasibu wa kuokotwa aliyapunguza ili kodi iwe ndogo. Hapa nawaambia wateja wangu ukweli bila kupaka mafuta: mapato uliyoificha TRA, mamlaka ya mapato, umemficha pia mwenye zabuni, na huwezi kuyaonyesha kwake peke yake. Tulitafuta mkaguzi aliyesajiliwa, tukarekebisha hesabu, mzee akalipa kodi aliyodaiwa pamoja na riba yake kwa awamu. Aliuza ng'ombe wawili. Nilimwonea huruma, lakini njia nyingine haikuwepo.

Hata hivyo, kwa zabuni ya barabara tuliyoilenga, peke yake asingefika. Alikuwa na uzoefu wa makalavati na wa kumwaga moramu, ile changarawe ya barabarani, mitambo hana. Makambako kulikuwa na mama mwenye kampuni, greda lake na hesabu safi, ila kazi alizofanya zilikuwa chache. Nikawashauri waingie ubia, maana kwenye ubia mauzo ya washirika hujumlishwa, na Bodi ya Usajili wa Makandarasi husajili ubia wa namna hiyo kwa ajili ya kazi maalumu. Walikutana ofisini kwangu mara tano. Mama alisema wazi, "Mzee wangu, mimi sina shida na kazi. Shida yangu ni hela ikiingia." Siku hiyo ndipo mazungumzo yalipoanza hasa. Tuliandika akaunti moja ya mradi yenye saini mbili. Dizeli na vibarua kulipwa kwanza kabla ya yeyote kugusa faida. Na greda likiharibika, nani anakodi jingine na kwa siku ngapi. Nimeona ubia mwingi ukivunjika katikati ya kazi kwa sababu watu waliona aibu kuulizana mambo haya mapema.

Kwa dhamana ya zabuni, yaani ahadi ya benki kwamba mwombaji hatajitoa njiani, benki walitaka hati ya nyumba. Bodi ina mfuko wa kuwasaidia makandarasi wadogo na wa kati kupata dhamana za zabuni na za malipo ya awali, na mama alikuwa mwanachama. Mzee hakuwahi hata kuusikia, naye amesajiliwa miaka yote hiyo.

Kwenye bei sikuwaachia wanakili viwango vya mkataba wa zamani. Tulipanda pikipiki hadi machimbo ya moramu. Yale ya karibu yalikuwa yamekwisha. Yaliyobaki yalikuwa kilomita 14. Kwa kiwango cha zamani wangebeba kila tripu kwa hasara, na watu hufilisika hivyo huku wakishangilia kwamba wameshinda.

Kupakia kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali ulioanza kutumika mwaka 2023, kulituchukua siku sita kwa intaneti ya huku kwetu. Tulimaliza siku mbili kabla ya kufungwa, na ninasisitiza hizo siku mbili, kwa sababu ndizo zilizotuwezesha kugundua kwamba leseni ya biashara ya mama ilikuwa inaisha wiki hiyo.

Walipata zabuni. Si mabilioni ya kutajwa magazetini, ila ilikuwa zaidi ya mara nne ya kazi kubwa kuliko zote ambazo mzee aliwahi kushika. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake zimeweka kazi zisizozidi shilingi bilioni 50 kwa kampuni za Kitanzania, na hilo ni jema. Lakini mlango huo unawafungukia kwanza wenye karatasi, na ndiyo maana bado ninashinda na viroba vya watu.

Barabara imekamilika na tumeikabidhi. Hati mbili za malipo zimelipwa, ya tatu imechelewa kwa miezi. Mkataba una kipengele cha riba kwa malipo yanayochelewa, na wakandarasi wadogo wengi hawaidai wakihofia kunyimwa kazi ijayo. Barua ya kwanza ya kudai niliiandika mimi. Ya pili mzee ameiandika mwenyewe kwa mkono, ameambatanisha nakala ya hati, na kunitumia picha yenye muhuri wa kupokelewa.