Kenny na Dolly bado ni wa kwetu

Tangu nirudi Nakuru kutoka Tennessee, Marekani, kila mtu ananiuliza ni nini kimenishangaza. Bei ya unga na majengo mapya nilishasimuliwa kwa simu. Kilichonigusa ni Islands in the Stream, ule wimbo wa Kenny Rogers na Dolly Parton. Jumapili asubuhi huwezi kutoka stejini ufike sokoni bila kuusikia: kwenye matatu, kwa kinyozi, kwenye redio ya mama mboga. Kule nilikoishi ulikuwa ukipigwa dukani na watu wanaendelea na shughuli zao. Hapa watu wanauimba.

Walioutunga ni wale ndugu watatu wa kundi la Bee Gees. Mwaka 1983 Kenny Rogers aliujaribu studio akiwa peke yake, siku kadhaa, ukakataa kabisa kumkaa. Barry Gibb, mmoja wa ndugu hao, aliyekuwa akisimamia rekodi, akasema hapa anatakiwa Dolly Parton. Dolly akaja. Kufikia Oktoba wimbo ulikuwa namba moja Marekani, kwenye chati ya pop na ya country vilevile. (Wengine wa rika langu tulikijua kiitikio chake kwanza kwa rapa Pras, kwenye wimbo wake Ghetto Supastar wa 1998.)

Hebu usikilize tena ubeti wa pili. Kenny ndiye aliyeanza, na ile sauti yake ya mkwaruzo, Dolly akaingia baadaye kumsindikiza. Mara ufunguo wa wimbo unahama na Dolly anaushika ubeti yeye. Hapo shangazi yangu huweka kisu chini, viazi vikangoja. Mumewe ameshaimba zake, sasa ni zamu yake, na hakuna wa kumwingilia. Nyimbo nyingi za wawili zina mwimbaji mmoja na mwitikiaji. Huu umewagawia wote wawili, na mimi naamini ndicho kinachouweka hai.

Kenny na Dolly hawakuwa wapenzi, walikuwa marafiki wa dhati. Oktoba 2017, Kenny alipoagwa jukwaani Nashville, waliuimba pamoja kwa mara ya mwisho. Machi 2020 akafariki. Siku hiyo nilipigiwa simu kutoka nyumbani kupewa pole, kana kwamba nimefiwa na jirani.

Mwezi ujao binamu yangu anaoa, huko Molo. Shangazi ameshamwonya DJ asithubutu kuweka rimiksi.