Karafuu hazisubiri kamera

Leo Wete, Pemba, tumepiga sini (tukio la filamu) ya dirishani. Binti anaangalia barabara asiyoruhusiwa kuifuata, mama yupo nje anaanika karafuu.

Kamera haitoki chumbani. Lenzi ya milimita 50, nondo za dirisha mbele zimefifia, uso wake tu ndio mkali. Ukipiga mandhari ya nje, ushamfungulia mlango!

Kilichotukorofisha ni karafuu. Asubuhi kijani na wekundu, alasiri jamvini zishaanza kupiga kahawia. Ukiunganisha vipande vya asubuhi na alasiri, yaonekana mama kaanika mzigo mwengine.

Dawa: weka pishi mbili mbichi kivulini, utandaze upya kabla ya kupiga kila kipande. Ila usizirundike, hupata moto zikavunda.

Mliowahi kupiga msimu wa karafuu, nyie mwafanyaje?