Nilivyopiga mchanga rimu zangu kwa kompresa ya mtumba

Rimu nne za Hilux yangu zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zinamwaga unga. Fundi mmoja hapa Mwanza alinitajia bei ya kuzipiga mchanga, yaani kuzirushia mchanga kwa upepo wa presha hadi kutu itoke, nikaona heri ninunue mashine yangu.

Igogo nilipata kompresa ya lita 50, ya farasi 2, iliyokuwa ya jamaa wa pancha. Kabla sijalipa nilitaka tenki lijazwe maji na kupimwa kwa pampu ya mkono, maana tenki huoza kwa ndani, na likipasuka likiwa na upepo ni bomu. Halikuvuja. Bunduki nayo ilikuwa ya mtumba, ile inayonyonya mchanga kwa mpira kutoka kwenye ndoo. Nozo yake, ule mdomo wa mbele, ilishapanuka, inameza upepo bure, nikaweka mpya ya kauri.

Siku ya kwanza ilinitoa jasho. Sekunde 20 tu presha inaporomoka kutoka psi 90, nasubiri dakika mbili. Halafu bunduki ikaanza kutema uji. Kumbe upepo hutoka kwenye kompresa ukiwa wa moto, umebeba unyevu (na hewa ya huku ziwani imelowa kila siku), ukipoa mpirani maji yanajitenga. Nilitoa bomba la shaba kwenye kiyoyozi kibovu, nikalizungushia ndani ya ndoo ya maji baridi, mwisho wake nikafunga kichujio cha kunasa maji. Uji ukaisha. Presha niliisaidia kwa kuazima kompresa ya jirani na kuziunganisha kwa tii, kile kiungo cha njia tatu.

Mchanga wa ufukweni niliuacha mapema. Vumbi lake la silika hutia makovu mapafuni, ugonjwa uleule unaowatafuna wachimba dhahabu. Uingereza waliukataza mchanga wa aina hiyo kwa kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949. Mimi niliponda chupa za bia ndani ya pipa, nikazichekecha. Hata hivyo sikubana pesa kwenye barakoa: nilinunua mpya, ya mpira, yenye vichujio viwili. Kile kitambaa cha kufunga puani ni kujidanganya.

Rimu ya kwanza nilimaliza saa kumi jioni, chuma kinang'aa kijivu kama sato aliyetoka majini. Nikaenda kuoga, nikala, nikalala. Asubuhi nikaikuta rimu yote ya rangi ya chungwa, kutu imerudi. Nikairudia, na zile tatu zilizobaki nilizipaka praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kabla sijavua glovu.